Jino lililotibiwa mzizi limepata ufa: jinsi ya kujua kama bado linaokoleka

Jino lililokwisha kutibiwa mzizi likimeguka, au likianza kuuma upya kila ukilitafunia, watu wengi huenda kwa daktari na swali moja: linazibika? Hilo liwe swali la pili. La kwanza ni hili: ufa umeishia wapi? Ukiishia juu ya ufizi, jino karibu kila mara linaokolewa. Ukiingia chini ya ufizi kidogo, linaweza kuokolewa kwa kazi ya ziada na gharama ya ziada. Ukiwa umepasua mzizi wenyewe, hakuna dawa ya kuuziba ikadumu, na kila mwezi unaongoja unapoteza mfupa ambao utauhitaji baadaye.

Usipime kwa ukali wa maumivu. Jino lililotibiwa mzizi, ile kazi ambayo wengi tunaiita ruti kanali, halina tena mshipa wa fahamu ndani yake. Kinachouma ni nyuzi zinazoushika mzizi kwenye taya, pamoja na ufizi na mfupa ulio jirani. Ndiyo maana mtu mwenye mzizi uliopasuka wima anaweza kuhisi usumbufu mdogo tu kwa miezi, na mwingine aliyemegukwa na pembe ya gego, jambo linalotibika kirahisi, akakesha.

Dalili za kwenda hospitali leo hii

Kabla ya yote, jiangalie kama una mojawapo ya haya: shavu au shingo imevimba na uvimbe unaongezeka, una homa, mdomo haufunguki vizuri, unameza kwa shida, sakafu ya mdomo chini ya ulimi imenyanyuka au imekuwa ngumu, sauti imebadilika, au unapumua kwa taabu. Hapo habari ya kuokoa jino inasubiri. Usaha kutoka kwenye gego la chini unaweza kushuka hadi chini ya taya na shingoni, ukaziba njia ya hewa. Daktari wa Kijerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig aliueleza ugonjwa huo mwaka 1836, na mpaka leo unaua watu waliodhani ni jino tu. Nenda idara ya dharura ya hospitali kubwa, hata kama ni usiku. Usisubiri kliniki ya meno ifunguliwe.

Kwa nini jino lililotibiwa hupasuka

Wengi huambiwa kwamba jino likitolewa mshipa linakauka na kuwa kama udongo mkavu. Maelezo hayo yanapotosha. Kinacholidhoofisha zaidi ni ukuta uliopotea: tundu kubwa lililoliwa na uozo, vizibo vya zamani, na kingo za jino zilizoondolewa ili kusafisha. Mwaka 1989 mtafiti Reeh na wenzake walipima ugumu wa magego madogo yaliyong'olewa. Kufungua jino kwa ajili ya kutibu mzizi peke yake kulipunguza ugumu kwa asilimia 5 tu. Kukata tundu linalovuka jino kutoka mbele hadi nyuma na kuondoa kingo zote mbili kulipunguza kwa asilimia 63. Kwa hiyo gego lililobaki na kuta nyembamba pande mbili, huku katikati kuna kizibo, linapokea nguvu za kutafuna kwa namna ambayo kizibo kinafanya kazi ya kabari kwenye gogo: kila ukikaza taya, kuta zinasukumwa nje kidogo, mpaka moja inaachia.

Hapo ndipo ninapoona watu wanapunjwa, wakati mwingine na wao wenyewe. Mtu analipia matibabu ya mzizi, maumivu yanaisha, anaambiwa arudi kuwekewa kofia, yaani kifuniko kigumu kinachovishwa juu ya jino, naye harudi kwa sababu haumwi tena na kofia ni pesa nyingi. Kwa gego, kofia si urembo. Ni nusu ya pili ya matibabu. Utafiti wa Aquilino na Caplan wa mwaka 2002 ulikuta kwamba meno yaliyotibiwa mzizi bila kuwekewa kofia yalipotea kwa kasi mara 6 kuliko yaliyowekewa. Meno ya mbele ni habari nyingine: kama sehemu kubwa ya jino ni nzima, kizibo kizuri mara nyingi kinatosha.

Sababu nyingine zipo. Kusaga meno usingizini ni mojawapo kubwa, na mwenye tabia hiyo huambiwa na anayelala naye chumbani, au hujigundua kwa taya kuchoka asubuhi. Kufungua soda kwa meno, kutafuna barafu, mifupa ya kuku, kokwa za ubuyu, muwa mgumu, bisi ambazo hazikupasuka, kajiwe kwenye wali au maharage. Na ipo sababu itokayo kwenye matibabu yenyewe: kupanua mfereji wa mzizi, lile tundu jembamba ulimokuwa mshipa, kupita kiasi, kusukuma dawa ya kujazia kwa nguvu nyingi, au kuchonga nafasi pana ya kupigilia pini nene ya chuma. Pini haiimarishi jino, hata kama ndivyo ulivyoambiwa. Kazi yake ni kushikilia ujenzi wa juu pale ambapo hakuna jino la kutosha, na ikiwa ndefu na nene mno huwa chanzo cha mzizi kupasuka.

Kipande kimemeguka, lakini huumwi

Hii ndiyo hali nzuri kuliko zote, ingawa ukijitazama kwenye kioo utaona shimo la kutisha. Mara nyingi ni pembe moja ya gego iliyokatika kwa mshazari, ikaishia juu ya ufizi au chini yake kidogo tu. Kama kipande kimetoka chote na kilichobaki hakichezi, jino linajengwa upya na kuvishwa kofia.

Usikae nalo kwa sababu haliumi. Dawa iliyojazwa kwenye mifereji, ile gataperka ya rangi ya waridi, haikukusudiwa kulowa mate. Ikikaa wazi kwa wiki kadhaa, bakteria hupenya kando yake hadi ncha ya mzizi, na kazi yote ya ndani ikabidi irudiwe. Ukimuuliza daktari swali moja, muulize kama mifereji imebaki imefunikwa au imeshakaa wazi kwa mate.

Kama kipande bado kimening'inia kwenye ufizi, usikivute. Kinaweza kurarua ufizi, au kikatoka na sehemu ya mzizi ambayo daktari angependa kuiona ikiwa mahali pake.

Linachoma ukitafuna, hasa unapoachia

Maumivu makali, mafupi, yanayokuja unapong'ata kitu kigumu mahali fulani hasa, na mara nyingine yanazidi pale unapoachia, yanaelekeza kwenye ufa ambao bado haujagawanya jino. Ufa wa aina hii huanza juu na kushuka, kwa kawaida ukielekea mbele na nyuma, na gego la pili la chini ndilo linaloongoza kuupata.

Lakini dalili hii ina wengine wanaofanana nayo, nao watolewe kwanza:

Kama matibabu yamefanyika siku chache zilizopita, kuumia unapogonganisha meno ni kawaida. Nyuzi za kuzunguka ncha ya mzizi zimechokozwa na zinatulia ndani ya siku kadhaa. Yakizidi badala ya kupungua, rudi.

Kama kizibo au kofia ni mpya na unahisi jino hilo linagusa kabla ya mengine, huenda limezidi kimo. Daktari atakung'atisha karatasi yenye rangi, aone palipogonga zaidi, asage kidogo. Ni kazi ya dakika chache. Ukipuuza, ule mgongano wa kila siku ndio utakaoleta ufa wa kweli.

Kama ni gego la juu na una mafua mazito, huku magego kadhaa ya upande huo yakiuma pamoja ukiinama, chanzo kinaweza kuwa uwazi wa hewa ulio juu ya mizizi hiyo.

Daktari akishayatoa hayo, atakupa kifaa kidogo cha plastiki ukitafunie juu ya pembe moja moja ya jino. Pembe inayochoma ndiyo yenye habari. Atamulika jino kwa taa kali kutoka pembeni: mwanga hupita kwenye jino zima lakini hukatika ghafla kwenye ufa. Anaweza kupaka rangi ya bluu ili ufa uonekane. Na mara nyingi, ili ajue kweli, itabidi atoe kizibo cha zamani au kofia na kutazama ndani, ikiwezekana kwa hadubini. Usimwone anakuharibia kofia bure. Kofia imefunika ushahidi.

Ufa ukionekana umeishia kwenye ukuta wa jino, jino linavishwa kofia inayolikumbatia lote. Kabla ya hapo madaktari wengine hulifunga kwa mkanda wa chuma kwa wiki chache na kuangalia kama maumivu yanatoweka. Mimi naupenda utaratibu huo: unalipa kidogo kwanza, unapata jibu, ndipo unalipa kikubwa. Ufa ukiwa umevuka sakafu ya chumba cha katikati ya gego, pale mifereji inapoanzia, matumaini yanashuka sana, na daktari mkweli atakwambia hivyo kabla hujatoa pesa ya kofia.

Kijipu kwenye ufizi kinachotokea, kinapasuka, kinarudi

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotea.

Kijipu kinachotoa usaha kidogo, kinanywea, kisha kinarudi baada ya wiki au miezi, ni mlango wa nje wa uambukizo ulioko mfupani. Chanzo kinaweza kuwa kimojawapo kati ya viwili vikubwa, na tiba zake hazifanani hata kidogo. Kimoja ni matibabu ya mzizi yaliyoshindwa: mfereji uliosahaulika, kwa mfano ule wa pili katika mzizi wa mbele wa gego la kwanza la juu ambao ni mwembamba na umejificha, au mfereji ambao haukusafishwa hadi mwisho. Hicho kinatibika kwa kurudia matibabu, au kwa upasuaji mdogo wa kukata ncha ya mzizi na kuiziba kutoka chini. Kingine ni mzizi uliopasuka wima. Hicho hakirudiwi. Ukirudia ruti kanali kwenye mzizi uliopasuka, umelipa mara mbili na jino litang'olewa vilevile.

Namna ya kutofautisha. Kijipu cha matibabu yaliyoshindwa hupenda kukaa mbali na ukingo wa ufizi, karibu na usawa wa ncha ya mzizi. Cha mzizi uliopasuka mara nyingi kiko karibu na ukingo wa ufizi, na ukikuta viwili, kimoja upande wa shavu na kingine upande wa ulimi, shuku mpasuko kwa nguvu zote. Mpasuko wa wima kwa kawaida huenda kutoka upande wa shavu kuelekea ulimi, ndiyo sababu ya vijipu kutokea pande hizo.

Kisha ufizi upimwe. Daktari hutumia kijiti chembamba chenye alama za milimita, akakipitisha kati ya jino na ufizi kuzunguka jino lote. Ufizi mzima hupokea milimita 1 hadi 3. Mtu mwenye ugonjwa wa fizi ana kina kirefu kinachopanda na kushuka taratibu, tena kwenye meno mengi. Lakini kijiti kikisoma 3, 3, kisha ghafla kikazama 8 au zaidi mahali pamoja pembamba, na hatua ndogo pembeni kikarudi 3, mara nyingi huo ni mfereji ambao mpasuko umejichimbia kando ya mzizi. Ni kipimo kisicho na gharama, hakihitaji mashine, na kwa maoni yangu kinasema zaidi kuliko picha. Kama hujapimwa hivyo, omba upimwe kabla ya kukubali matibabu yoyote mapya.

Eksirei nayo inasaidia, ila ijulikane mipaka yake. Mpasuko wenyewe mara chache huonekana, kwa sababu miale inapaswa kupita sambamba nao. Kinachoonekana ni mfupa ulioliwa: kivuli cheusi kinachozunguka ncha ya mzizi na kupanda upande mmoja hadi juu, kwa umbo la herufi J. Picha ya pande tatu inaonyesha zaidi kuhusu mfupa, lakini gataperka na pini za chuma ndani ya jino hutoa michirizi kwenye picha hiyo, michirizi inayoweza kuficha mpasuko au kuonekana kama mpasuko usiokuwepo. Nimeona ni vyema mgonjwa ajue hili, maana wengi wanadhani picha ghali ndiyo hukumu ya mwisho. Daktari anaweza pia kuingiza uzi mwembamba wa gataperka kwenye tundu la kijipu na kupiga picha. Uzi utafuata njia ya usaha na kuonyesha unatoka mzizi gani, au hata kama ni jino la jirani.

Mashaka yakibaki, hatua ya mwisho ni kuinua ufizi kwa ganzi na kutazama mzizi kwa macho. Patana na daktari mapema kuhusu malipo: kwanza kufungua na kukagua, na kama mpasuko upo, kazi isimame hapo, usitozwe matibabu kamili ya kurudia mzizi. Ni ombi la haki kabisa.

Magego madogo ya juu na mzizi wa mbele wa gego la chini ndiyo hupasuka wima mara nyingi. Hali hii hujitokeza hata miaka mingi baada ya matibabu ambayo yalionekana kamili, kwa hiyo usianze kwa kumlaumu aliyekutibu.

Linashtuka kwa maji baridi au chai ya moto

Jino ambalo mishipa yake yote imetolewa halihisi baridi. Ukishtuka, ama ni jino la jirani, ama kuna mfereji uliobaki na mshipa ulio hai ndani yake. Ufa si mshukiwa wa kwanza hapa. Daktari apime meno ya pande zote mbili, na yale ya taya ya pili, kwa kuyagusisha kitu chenye baridi, moja baada ya jingine.

Kofia imetoka na kipande cha jino kimo ndani yake

Tazama ndani ya kofia. Kama ni tupu, yaani gundi tu ndiyo iliyoachia, inaweza kusafishwa na kurudishwa. Kama imejaa jino lililokatika usawa wa ufizi, kuibandika tena kwa gundi ni kujidanganya. Itakaa siku chache na kutoka tena, pengine ukaimeza. Ihifadhi na uende nayo. Kisiki kilichobaki ndicho kitakachoamua.

Vipande viwili vinaachana ukivisukuma kwa ulimi

Jino limegawanyika. Kwa jino lenye mzizi mmoja, ni la kung'oa. Kwa gego lenye mizizi miwili au mitatu, ipo nafasi ambayo nitaitaja hapa chini.

Mstari tu kwenye jino

Meno ya watu wazima yana mistari myembamba kwenye enameli, lile tabaka gumu la nje, hasa ya mbele, ambayo haiumi na haihitaji chochote. Na kwa waliokulia maeneo yenye maji ya floridi nyingi, kama Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, michirizi ya kahawia kwenye jino si nyufa. Mwambie daktari ulikulia wapi, kwa sababu enameli ya namna hiyo hushika gundi ya vizibo kwa taabu zaidi na anapaswa kuiandaa vizuri.

Unaposubiri kumwona daktari

Tafunia upande mwingine. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, piga mswaki kama kawaida. Kwa mtu mzima, parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, na ipunguzwe kwa mwenye ini bovu au mwili mdogo sana. Ibuprofeni miligramu 400 baada ya kula inafaa zaidi kwa maumivu ya jino, lakini isitumiwe na mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, mjamzito, anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye pumu inayochokozwa na dawa za aina hiyo.

Mafuta ya karafuu yana heshima yake katika pwani yetu, na ni kweli kiini chake, yujenoli, hutuliza mshipa wa jino. Ila jino hili halina mshipa. Utauchoma ufizi bure, na yujenoli ikilowesha jino huzuia baadhi ya vizibo vya kisasa kuganda sawasawa. Aspirini iliyosagwa na kuwekwa kwenye ufizi huunguza. Maji ya betri, ambayo bado kuna watu wanashauriana kuyatumia, huua nyama na mfupa. Gundi ya kubandikia viatu isiingie mdomoni kwa kisingizio chochote. Duka la dawa linaweza kuwa na dawa ya muda ya kuzibia jino, hiyo itumie.

Antibiotiki haitibu ufa. Kijipu kitanywea ukimeza, kisha kitarudi dawa ikiisha, kwa sababu bakteria wamejificha kwenye mpasuko ambako damu haifiki na dawa haifiki. Inahitajika pale uambukizo umesambaa, kuna homa au uvimbe wa uso, tena pamoja na matibabu ya jino lenyewe.

Njia za kuokoa jino, na masharti yake

Kofia ndiyo njia kuu. Ili idumu, daktari anahitaji mkanda wa jino zima wa takriban milimita 2 juu ya ufizi, kuzunguka, ambao kofia itaukumbatia. Muulize waziwazi: mkanda huo upo? Kofia iliyokaa juu ya kizibo na pini tu, bila kugusa jino zima pembeni, itatoka au itapasua mzizi. Ya chuma hudumu sana, na jino husagwa kidogo tu. Ya zirkonia, aina ya kauri ngumu, ni imara na rangi yake inakubalika. Ya kauri juu ya chuma ni ya kati. Kwa gego la nyuma lisiloonekana, sioni haya kupendekeza chuma.

Mkanda ukikosekana kwa sababu jino limekatika chini kidogo ya ufizi, kuna njia mbili. Ya kwanza ni upasuaji wa kushusha ufizi na mfupa kidogo ili jino lijitokeze, kisha kungoja wiki kadhaa ufizi utulie kabla ya kofia. Ya pili ni kulivuta jino kidogo kidogo kwa waya kama wa kunyooshea meno. Hii hufaa meno ya mbele yenye mzizi mmoja mrefu, ambako kukata ufizi kungeacha jino moja linaonekana refu kuliko wenzake. Inachukua miezi, na mzizi ukiwa mfupi haifai.

Kwa gego ambalo mzizi mmoja tu ndio uliopasuka, mzizi huo unaweza kukatwa na kutolewa, mwingine ukabaki na kuvishwa kofia. Gego la chini hukatwa katikati. Gego la juu lenye mizizi mitatu hupunguziwa mmoja. Ni kazi nzuri ikifanywa na mwenye uzoefu, kwa mtu anayesafisha kinywa vizuri na asiyesaga meno. Hospitali nyingi za wilaya hazina vifaa vyake. Ukiweza, omba rufaa kwenda kwenye hospitali zinazofundisha madaktari wa meno, kama zile za Chuo Kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam, au Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako wataalamu wa kurekebisha meno wapo.

Likishaamuliwa kung'olewa

Mzizi uliopasuka wima kwenye jino la mzizi mmoja ung'olewe mapema. Najua jinsi neno hilo linavyouma kwa mtu aliyekwisha lipia matibabu. Lakini mfupa wa upande wa shavu ni mwembamba, na uambukizo unaupukuchua. Anayeng'oa baada ya wiki chache hubaki na shimo lenye kuta. Anayengoja mwaka mara nyingi hubaki na bonde, na chaguo zake zote zinazofuata huwa ngumu na ghali zaidi. Mweleze daktari kabla ya kung'oa kama umewahi kupigwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni, au unatumia dawa za kuimarisha mifupa kama alendronate au sindano ya zoledronic acid, kwa sababu taya lako linaweza kukataa kupona.

Pengo lenyewe lina njia nne. Kuliacha ni halali kabisa kama ni gego la mwisho. Gego la pili la chini ndilo linalopata nyufa zaidi, na watu wengi hula vizuri bila hilo. Meno ya kuvaa na kuvua ni nafuu, hufaa pia kama njia ya muda. Daraja lililoshikwa na majirani wawili ni zuri iwapo majirani hao nao wanahitaji kofia. Kama ni wazima kabisa, kuyasaga ni bei kubwa kwa jino moja. Kipandikizi cha titani, yaani mzizi bandia wa chuma unaopandwa kwenye mfupa wa taya, kazi ambayo Per-Ingvar Brånemark alianza kuifanya kwa wagonjwa mwaka 1965 huko Gothenburg, Sweden, hakigusi majirani. Kinahitaji mfupa wa kutosha na miezi 3 hadi 6 ya kushikamana na taya, na mwenye kisukari awe amekidhibiti. Uvutaji wa sigara hupunguza mafanikio yake. Kama pesa ya kipandikizi haipo sasa, muulize daktari anayeng'oa kama anaweza kujaza shimo kwa unga wa mfupa siku hiyohiyo, ili taya lisinywee sana unapojikusanya. Na kama ulikuwa unasaga meno usiku, tengenezewa kinga ya plastiki ya kulalia kabla ya kuweka chochote kipya mdomoni, maana kipandikizi hakina zile nyuzi zinazoonya kwamba unakaza kupita kiasi.